Mgonjwa wa sirosisi na moyo wake: ECHO ikisema "kawaida", usiishie hapo

#1 Wodi ya Ndani

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili jambo linalopita kimya kwenye wodi zetu.

Mgonjwa ana sirosisi, ini limejaa makovu, iwe chanzo ni homa ya ini B, pombe au mafuta kwenye ini. Tumbo limejaa maji, macho ya manjano. Wote tunaliangalia ini. Moyo ulipimwa mara moja, ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ikaonyesha EF 65% (sehemu ya damu inayosukumwa nje kila pigo), faili likafungwa. Siku akitapika damu anaongezewa chupa tatu au nne haraka haraka, usiku anaanza kubanwa pumzi, mapafu yamejaa maji. Watu wanashangaa: si moyo ulikuwa mzima?

Haukuwa mzima. Ulionekana mzima kwa sababu ulikuwa haujabebeshwa mzigo.

Ini lenye makovu linaziba njia ya damu inayotoka utumbo na bandama, shinikizo kwenye mshipa wa poto (ule mkubwa unaoingia kwenye ini) linapanda. Hapo hapo mishipa ya utumbo inatanuka, kwa sababu nitriki oksaidi na kemikali nyingine za aina hiyo zinatengenezwa kupita kiasi. Damu nyingi inajikusanya tumboni, na mishipa mikuu inabaki kama haijajaa. Mwili unajibu kwa renini, aldosteroni na adrenalini: figo zinashikilia chumvi na maji, moyo unakimbia. Mtu ambaye moyo wake ungesukuma lita 5 kwa dakika sasa unasukuma 7 au zaidi, na amelala tu kitandani. Mshike mkono: ni wa moto, mapigo 90 hadi 100 yanaruka chini ya kidole, presha 100/60.

Adrenalini ikikaa juu miezi na miaka, vipokezi vya beta kwenye misuli ya moyo vinapungua na vilivyobaki vinakuwa vizito kuitikia. Ongeza nyongo inayobaki kwenye damu, ongeza sumu za bakteria wa utumbo zinazolipita ini bila kuchujwa. Msuli unakakamaa, unachelewa kulegea ili ujae, na umeme wake unavurugika. Kwa hiyo mapungufu ni matatu: moyo hauongezi nguvu unapohitajika, haujai vizuri, na muda wa QT kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo), yaani muda wa msuli kusisimka na kurudi kutulia, unarefuka.

Mwaka 1953 Kowalski na Abelmann, Marekani, walieleza mzunguko huu wa damu wa kasi kwa wagonjwa wa sirosisi ya pombe. Kwa miaka mingi kasoro za moyo zikabebeshwa pombe peke yake. Baadaye zikaonekana hata kwa wagonjwa wasiowahi kunywa, ikabidi zipewe jina lake: ugonjwa wa msuli wa moyo utokanao na sirosisi. Kwa hiyo mgonjwa wa homa ya ini B asiyejua ladha ya bia naye yumo.

Karibuni, hasa mnaopima ECHO na mnaotoa dawa.

#2 Tabibu Mbozi

Asante kwa uzi mkuu. Hapo kwenye EF naomba ufafanuzi. Kama msuli ni dhaifu, EF inatokaje 65% au hata 70%?

#3 Probu ya Echo

Tabibu, EF ni asilimia ya damu inayotoka kila pigo, na inategemea sana upinzani wa mishipa mbele ya moyo. Kwa sirosisi mishipa imetanuka, upinzani uko chini, hata msuli dhaifu unamwaga damu kirahisi. Kwa mgonjwa huyu EF 65% inakwambia mishipa imelegea. Nguvu ya msuli haikwambii.

Vigezo vya zamani vya kuutambua ugonjwa huu, vya Montreal mwaka 2005, viliegemea EF chini ya 55%, uwiano wa E/A chini ya 1 (E ni kasi ya damu moyo unapoanza kujaa, A ni kasi yake atriamu, chumba cha juu cha moyo, inapomalizia kusukuma) na muda wa E kushuka. Shida ya E/A ni kwamba inabadilika na wingi wa maji mwilini. Ukimpima kabla ya kumtoa maji tumboni na ukampima kesho yake, unapata majibu mawili. Vigezo vilivyochapishwa mwaka 2020 vikaachana nayo.

Siku hizi kwa upande wa kusukuma tunatafuta EF ya 50% au chini, au GLS (kipimo cha msuli unavyojikunja kwa urefu) iliyo chini ya 18% ukiacha alama ya kutoa. Kwa upande wa kujaa, yapatikane matatu au zaidi kati ya haya manne: kasi ya e' (mwendo wa msuli wenyewe ukilegea) upande wa septamu, ukuta wa katikati ya moyo, chini ya sm 7 kwa sekunde, E/e' ya 15 au zaidi, ujazo wa atriamu ya kushoto zaidi ya ml 34 kwa mita ya mraba ya mwili, na kasi ya damu inayorudi kwenye vali ya trikuspidi zaidi ya mita 2.8 kwa sekunde. Yakipatikana mawili tu, hujathibitisha na hujakanusha. Rudia baadaye au mpime akiwa kwenye mazoezi.

Mambo mawili ya mezani. Tumbo likiwa limejaa hadi ngozi inang'aa, kiwambo kimesukumwa juu, moyo umelala pembeni na picha ya chini ya chuchu inakatwa ncha. GLS ya hapo usiiamini, mtoe maji kwanza. La pili, atriamu ya kushoto ya mgonjwa wa sirosisi inaweza kutanuka kwa sababu ya wingi wa damu inayopita, hata kama ukuta haujakakamaa. Ndiyo maana kigezo kimoja hakitoshi.

Mashine isiyo na GLS isikuzuie. Andika e', E/e', atriamu na trikuspidi. Ripoti yenye hayo manne inamsaidia daktari kuliko ripoti nzuri ya EF pekee.

#4 Dirisha la Dawa

Mimi nashika upande wa QT, maana huko ndiko sisi wafamasia tunaweza kuua mtu bila kujua. Karibu nusu ya wagonjwa wa sirosisi QT yao imerefuka, na kadiri ini linavyoharibika ndivyo inavyozidi.

Kwanza kuhesabu. Mashine nyingi za ECG zinatoa QTc (QT iliyorekebishwa kwa kasi ya mapigo) kwa fomula ya Bazett, na Bazett inatia chumvi mapigo yakiwa ya kasi. Mgonjwa huyu mapigo yake ni ya kasi daima. Chukua QT ya milisekunde 400 na mapigo 90: nafasi kati ya pigo na pigo ni sekunde 0.667. Bazett inagawanya QT kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo, unapata 490. Fomula ya Fridericia inagawanya kwa kipeuo cha tatu, unapata 458. Mgonjwa ni yule yule, ila wa kwanza unamnyima dawa, wa pili unampa kwa tahadhari. Tumieni Fridericia.

Dawa zenyewe si ngeni: siprofloksasini, eritromaisini, azithromaisini, flukonazoli, haloperidoli, ondansetroni, kwinini. Siprofloksasini ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu mgonjwa huyu huandikiwa kuzuia maambukizi ya maji ya tumbo, anaitumia muda mrefu, halafu mtu mwingine anamwongezea ya pili bila kuangalia cheti. Moja huenda ikavumilika. Mbili kwa pamoja, na potasiamu imeshuka kwa sababu ya Lasix (dawa ya kukojosha maji), hapo ndipo moyo unapopoteza mpangilio.

Kuhusu mseto wa malaria: lumefantrini nayo inagusa QT. Malaria ikithibitishwa lazima itibiwe, asije mtu akamwacha na malaria kwa kuogopa ECG. Kinachotakiwa ni kuondoa ile dawa nyingine ya QT siku hizo na kupima potasiamu na magnesiamu kabla. Kama QT ilishajulikana kuwa ndefu, mpigie daktari wake kabla hujatoa mseto. Malaria kali ni sindano ya atesuneti kama kawaida, na hiyo haina shida hii.

Potasiamu iwe 4 au juu kidogo. Magnesiamu haipimwi hospitali nyingi za wilaya, ila mnywaji wa pombe na anayekunywa Lasix kila siku mchukulie kuwa imeshuka.

Na diklofenaki. Naomba iwe marufuku kabisa kwa mgonjwa huyu, pamoja na ibuprofeni. Figo zake zinategemea prostaglandini (kemikali za mwili ambazo dawa hizi huzizuia) ili zipate damu. Vidonge vya siku tatu vya maumivu ya mgongo vinatosha kuzifunga. Panadol isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya mg 500.

#5 Tabibu Mbozi

Na propranololi, Dirisha? Kuna wanaosema ukishaona maji tumboni uiache.

#6 Wodi ya Ndani

Naomba nijibu hili, maana linakatwa kwa kauli moja wakati halistahili.

Propranololi na kavediloli hushusha shinikizo la mshipa wa poto na kuzuia mishipa ya koo la chakula isipasuke. Faida hiyo ni kubwa, na hata QT ikiwa ndefu huelekea kufupika. Kuwa na maji tumboni peke yake si sababu ya kuiacha. Anza mg 20 asubuhi na mg 20 jioni (nusu ya kidonge cha 40), panda kila baada ya siku mbili tatu hadi mapigo yafike 55 hadi 60, na kwa mwenye maji tumboni usivuke mg 160 kwa siku. Kavediloli ni mg 6.25 mara moja, kisha 12.5 akivumilia.

Tatizo linakuja pale moyo unapokuwa hauna akiba. Mgonjwa wa hatua za mwisho anaishi kwa kutegemea kasi ya moyo, kwa sababu kila pigo haliongezeki nguvu. Ukimfunga kasi, figo zinakosa damu. Kwa hiyo presha ya juu ikishuka chini ya 90, au kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) ikianza kupanda, au sodiamu ikiwa chini ya 125, au kuna maambukizi makali au anatokwa damu, punguza au simamisha. Mambo yakitulia irudishwe kidogo kidogo. Mgonjwa asiikate mwenyewe ghafla kwa sababu imeisha. Ikikatika, kinga dhidi ya kutapika damu inakatika pia.

Jingine linalosahaulika ni dawa za presha. Mtu alikuwa na 160/100 miaka mitano iliyopita, akaanzishwa losatani na amlodipini. Sirosisi ikikomaa presha inashuka yenyewe hadi 105, naye anaendelea kumeza zile zile. Losatani, enalaprili na ndugu zao zinatakiwa kuondoka mara maji yanapoingia tumboni, vinginevyo figo zinalipa.

#7 Nesi wa Zamu

Madaktari wameeleza vizuri, mimi nije kwenye vitendo vya wodini na nyumbani.

Kutoa maji tumboni. Zaidi ya lita 5 kwa mara moja yanahitaji albumini (protini ya damu inayoshikilia maji kwenye mishipa), gramu 6 hadi 8 kwa kila lita iliyotoka. Lita 7 zikitoka, hesabu gramu 56. Chupa ya ml 100 ya albumini ya 20% ina gramu 20, basi ni chupa tatu. Bila albumini, saa kadhaa baadaye mishipa inalegea zaidi, moyo unashindwa kufidia, mkojo unapungua. Albumini haipo au familia haimudu? Toa kidogo kidogo, chini ya lita 5, na upime presha kila nusu saa.

Albumini nayo ina upande wake wa pili. Inavuta maji kuingia kwenye mishipa, na moyo uliokakamaa haupokei. Wakati inaingia hesabu upumuaji, sikiliza mapafu chini mgongoni, weka kipimo cha oksijeni kidoleni. Pumzi zikipanda au oksijeni ikishuka, simamisha dripu kwanza, mwinue mgongo, halafu ita daktari.

Dripu ya chumvi: lita moja ina gramu 9 za chumvi. Mgonjwa huyu ameruhusiwa gramu 5 kwa siku kwenye chakula chote. Ukimtundikia lita mbili kwa mazoea, umempa karibu siku nne za chumvi kwa mchana mmoja. Na akitapika damu, aongezewe hadi hemoglobini ifike 7 hadi 8. Ukipandisha hadi 10 shinikizo la mshipa wa poto linarudi juu na kidonda kinafunguka tena.

Nyumbani: apimwe uzito kila asubuhi baada ya haja ndogo, kabla ya chai, kwa mizani ile ile. Kama miguu haijavimba asipungue zaidi ya nusu kilo kwa siku. Iliyovimba inaruhusu hadi kilo moja. Kupungua kwa kasi kuliko hapo kunamaanisha Lasix imezidi. Chumvi gramu 5 ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote vya siku. Watu huacha kuweka chumvi mezani, lakini ng'onda, dagaa wa chumvi, viungo vya mchuzi vya pakiti na magadi kwenye maharage au mlenda vinabaki. Magadi ni sodiamu kama chumvi, yahesabiwe. Asinyimwe nyama, mayai wala maharage. Misuli ikiisha na moyo unaisha. Apate kitu cha kula kabla ya kulala, hata uji mzito.

#8 Kigongo Ziwani

Niongeze la kwetu Kanda ya Ziwa, maana huku ini na moyo vinaunganishwa na kichocho cha tumbo.

Mayai ya Schistosoma mansoni hukwama kwenye matawi madogo ya mshipa wa poto na kuweka makovu kuuzunguka. Seli za ini zenyewe zinabaki zikifanya kazi, albumini inaweza kuwa nzuri tu, lakini shinikizo la poto linapanda, bandama inavimba, na mgonjwa anatapika damu. Shinikizo likishapanda, damu inatafuta njia za pembeni na mayai yanapita nayo hadi kwenye mapafu. Huko yanakwama kwenye mishipa midogo, shinikizo la mapafu linapanda na moyo wa kulia unachoka. Kijana mvuvi anayehema akipanda kilima, bandama iko kitovuni na mishipa ya shingo imesimama, usimwandikie pumu. Prazikwanteli mg 40 kwa kilo huua minyoo, na apewe, lakini makovu yaliyokwisha kuwekwa kwenye mapafu hayayeyuki kwa kidonge hicho.

Shinikizo la mapafu hupanda pia kwa sirosisi ya kawaida. Kabla ya kumpendekeza mtu apandikizwe ini lazima lijulikane: wastani wa 35 mmHg kwenda juu unataka kutibiwa kwanza, na 45 au 50 ni hatari ya kufia mezani. ECHO inakisia, kuthibitisha ni katheta ya moyo wa kulia.

#9 Probu ya Echo

Naunga mkono, ila pale usichanganye na ugonjwa mwingine wa mapafu wa sirosisi, ambao kazi yake ni kinyume: mishipa midogo ya mapafu inatanuka, damu inapita bila kuchukua oksijeni. Dalili yake ni kubanwa pumzi akiketi au kusimama, nafuu akilala. Pima oksijeni akiwa amelala, kisha asimame dakika chache, upime tena. Mkiwa Nairobi, kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, mkumbuke namba za kawaida ziko chini kidogo kuliko za Dar.

Kipimo chake hakina gharama kubwa. Bomba mbili za ml 10 kwenye kiunganishi cha njia tatu, ml 9 za maji ya chumvi na ml 1 ya hewa, sukuma huku na huku kama mara kumi hadi maji yawe meupe kama maziwa, choma haraka kwenye mshipa wa mkono huku picha ya vyumba vinne iko kwenye kioo. Upande wa kulia unajaa vipovu papo hapo. Hesabu mapigo kuanzia hapo. Vikitokea kushoto ndani ya mapigo matatu ya kwanza, kuna tundu ndani ya moyo. Vikichelewa, baada ya pigo la tatu hadi la sita au zaidi, vimepita kwenye mishipa ya mapafu iliyotanuka.

#10 Wodi ya Ndani

Kabla hamjaenda mbali, kuna kosa la upande wa pili: moyo ndio mgonjwa, ini linasingiziwa. Kifua kikuu cha utando unaozunguka moyo kikikauka, utando unakakamaa, damu inarudi nyuma hadi kwenye ini, maji yanajaa tumboni. Mtu anatibiwa sirosisi mwaka mzima. Uganda kuna pia ugonjwa wa makovu ndani ya vyumba vya moyo ambao Davies aliuandika mwaka 1948: tumbo kubwa, miguu karibu haijavimba.

Angalia shingo, mgonjwa akiwa ameinuliwa nyuzi 45. Kwa sirosisi mishipa ya shingo kwa kawaida haisimami. Ikisimama, na hasa ikizidi kupanda akivuta pumzi, shuku moyo. Kisha chukua albumini ya damu na ya maji ya tumbo siku moja, toa ya pili kwenye ya kwanza. Ikibaki 1.1 g/dL au zaidi ni shinikizo la poto, sirosisi au moyo. Kinachotenganisha ni protini yote ya maji: chini ya 2.5 inaelekea sirosisi, juu ya 2.5 inaelekea moyo. Mfano: damu 3.1, maji 1.6, tofauti 1.5, na protini 3.4. Huyo mpeleke ECHO kabla ya kumwongezea Lasix. Na kila maji yanayotoka hesabu chembe nyeupe. Nyutrofili (aina mojawapo ya chembe hizo) 250 au zaidi kwa milimita ya ujazo ni maambukizi, anza seftriaksoni siku hiyo hiyo.

#11 Tabibu Mbozi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mgonjwa wa sirosisi ana ngiri ya kitovu, anataka afanyiwe upasuaji mdogo. Moyo uandaliwe vipi?

#12 Wodi ya Ndani

Kama haijanyongwa na ngozi haijaanza kuwa nyembamba au kuvuja, usimwahishe. Maji ya tumbo yatulizwe kwanza kwa dawa za kukojosha, spironolaktoni na Lasix, la sivyo mshono utaachia. ECG na QT ya Fridericia, potasiamu na kreatinini za wiki hiyo hiyo, na ECHO yenye vile vigezo alivyoandika Probu. Mwambie mtu wa usingizi waziwazi kwamba moyo huu huitikia kidogo dawa za kupandisha presha. Ondansetroni iachwe kama QT ni ndefu. Kwa kichefuchefu deksamethasoni mg 4 mara moja inatosha. Maji ya mshipa yaingie ml 250, sikiliza mapafu, ndipo uamue kama kuna nyingine. Siku mbili tatu za mwanzo baada ya upasuaji uzito upimwe asubuhi na jioni. Ikiwa imenyongwa, hakuna kusubiri chochote, anaingia chumba cha upasuaji huku ECG ikifungwa kifuani.